Si Wewe Unayemwita Minza

Mwanangu Kabula,

Amani ya Bwana ikukalie huko uliko, mahali ambapo mimi baba yako nimewafundisha watu wengi kupatumaini, nawe umetangulia kupaona. Nimezoea kukutaja katika sala, lakini sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu jambo lililonipata halikuenea katika sala, na kwa sababu jina lako limetajwa katika ukoo kwa namna ambayo nisingependa uisikie kwa mwingine. Nimeshtuka, Kabula, na mshtuko huo haujaniachia tangu niliporudi kutoka Mwanza.

Walisema ni wewe unayemwita mwanao.

Nianzie mahali panapostahili. Minza alichaguliwa kusomea udaktari. Ulikuwa umelala kaburini msimu mmoja tu wa mvua habari hiyo ilipofika, na nilikuja nikasimama miguuni pako nikakueleza, sijui kama ulinisikia. Kasoli nzima ilifurahi. Wanawake uliowazalisha pale zahanati walikuja na kuku, wakapiga vigelegele hadi wachuuzi wa pamba barabarani wakasimama kuuliza ni harusi ya nani. Nilikumbuka maneno uliyokuwa ukimwambia mtoto ulipokuwa ukimsuka nywele: "Mimi nachoma sindano, wewe utaandika sindano ipi ichomwe." Nikasema moyoni, basi, neno la Kabula limetimia. Nilidhani mlango mgumu ni ule wa kuingilia, na kwamba akishaingia atakaa kitako kama watu wengine wenye bahati.

Krismasi alirudi nyumbani siku chache. Unajua jinsi tunavyotaniana, maana wewe ndiwe uliyemfundisha kunijibu. Nikamwambia, "Mke wangu, mbona umekonda? Huko chuoni umepata mume asiyekulisha?" Siku zote hunijibu kwamba yeye hana haja na mume asiye na meno. Safari hii alinitazama tu, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua, kisha akasema, "Shikamoo, guku," salamu ya mjukuu kwa babu yake, ingawa alikuwa amekwisha kunisalimu.

Alasiri moja tulikuwa uani tukimenya karanga, yeye, mimi na shangazi yako Holo aliyekuwa amekuja kutoka Bukundi. Minza akasinzia palepale alipoketi, karanga mkononi, na katika usingizi akaanza kusema. Alisema polepole, kwa mpango, kama mtu anayeitikia litania. Longus. Brevis. Superior. Profundus. Holo akaangusha ungo. "Unasikia?" akaninong'oneza. "Hiyo si lugha ya watu."

Kabula, mimi nilishtuka kuliko yeye, maana mimi niliitambua. Nikiwa mtoto nilitumikia altare katika siku ambazo misa ilisomwa kwa Kilatini, na maneno yale hayajanitoka. Nikajiuliza, mjukuu wangu ambaye amezaliwa juzi anaotaje kwa lugha ya misa ya kale? Alipozinduka nikamuuliza. Akasema, "Ni misuli, guku. Misuli ya mkono." Akalala tena. Holo akanikazia macho: "Misuli! Wasichana wenzake wanaota wachumba, huyu anaota misuli. Na wewe umeridhika?"

Sikuridhika. Lakini likizo ikaisha, akarudi chuoni.

Tangu alipoondoka kwenda chuo, mimi naye tulikuwa na desturi ya kusali rozari kwa simu kila jioni, saa kumi na mbili. Mimi huongoza, yeye huitikia. Tangu kuondoka kwako, ile ndiyo saa niliyoisubiri kutwa nzima. Siku moja, mwezi uliopita, alikatika katikati ya Salamu Maria. Nikadhani ni mtandao. Nikasikia pumzi. Nikamwita. Kisha nikasikia analia, kilio cha chini chini kama cha mtoto aliyekatazwa kulia. Nikamuuliza ana nini, akasema hana kitu. Nikauliza kama anaumwa, akasema haumwi. Nikauliza anamlilia nani. Akasema, "Sijui, guku. Labda mama."

Jibu hilo nilimwambia Holo, nalo likatutosha kuitana.

Walikusanyika hapa kwangu: Holo, kaka yako Masanja, na wazee wengine wa ukoo. Holo ndiye aliyesema kwa niaba ya mawazo ya wengi. Kwamba wewe uliondoka ghafla, bila kuaga, ukamwacha mtoto mmoja tu wa tumbo lako. Kwamba maiti isiyoaga huwa na neno. Kwamba kukonda, kutojibu utani, kusema lugha ya kigeni usingizini na kulia bila sababu ni dalili ambazo hata mtoto wa kuchunga ndama angezitambua. "Kabula anamtaka mwanae," alisema. "Arudishwe Bukundi kwa mababu zetu, akalishwe chini, tutambike, aulizwe mama yake anataka nini. La sivyo mtakwenda kumchukua amebebwa."

Nikasema kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha, kwamba aliyelala katika Bwana hawasumbui watoto wake. Holo akasikiliza kwa heshima hadi nikamaliza. Kisha akasema, "Katekista, wewe unajua za mbinguni. Mimi nakuambia za hapa kwetu." Wala hakuna aliyecheka.

Sikukubali tambiko. Lakini nilikubali kwenda kumwona chuoni Mwanza, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana walinituma kwa sababu walijua Minza hawezi kunikatalia. Maneno yalikuwa mafupi: nikimkuta hali yake si njema, nirudi naye siku hiyohiyo. Nilikuwa nimesikia kwamba mitihani ya mwisho wa muhula iko karibu. Sikujua kwamba anayeondoka wakati huo bila ruhusa huenda asirudi tena. Nilipanda basi la Mwanza nikiwa na neno moja tu la kumwambia: twende.

Nilichagua Jumamosi, nikidhani nitamkuta amepumzika. Getini waliniambia nisubiri, yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Jumamosi, Kabula! Nikaketi kwenye benchi nikiwatazama vijana wanavyopita. Walitembea upesi na hawakuzungumza, na wengi walikuwa wakisogeza midomo wenyewe. Nikadhani wanasali. Nikamtukuza Mungu kwa chuo chenye vijana wacha Mungu kiasi hicho.

Minza akaja amevaa koti jeupe, pamoja na mwenzake wa chumba kimoja, Pendo, binti wa wavuvi wa Kalemela. Aliponiona uso ulimng'aa kidogo. Akapiga magoti kunisalimu, kama ulivyomlea. Nikaweka mkono kichwani pake nimbariki. Nikamaliza baraka, nikaondoa mkono, nikangoja ainuke. Hakuinuka. Nilipoinama kumtazama nikakuta amelala. Mtoto wako alikuwa amelala usingizi, mwanangu, palepale alipopiga magoti mbele yangu, getini, watu wakipita.

Nilipiga ukelele. Pendo akamshika bega, akaniambia bila wasiwasi wowote, "Shikamoo babu. Usiogope, ndivyo tulivyo wote. Juzi mimi nimelala nimesimama kwenye foleni ya chakula, nikaota nimeshakula wali samaki. Nilipoamka kantini imefungwa."

Walinipeleka penye kivuli nyuma ya kantini. Nikamwambia Minza anieleze siku yake, tangu anapoamka hadi anapolala, asinifiche. Akanieleza bila manung'uniko, kwa sauti moja, kama mtu anayekiri Kanuni ya Imani. Anaamka saa kumi alfajiri kusoma, kwa sababu ndio wakati ambao akili haina kelele. Saa moja na nusu vipindi vinaanza: namna mwili ulivyojengwa, namna unavyofanya kazi, kemia ya damu na chakula, namna mtoto anavyoumbika tumboni. Mwalimu mmoja akitoka mwingine anaingia, na anachokisema mmoja kwa saa moja ni kingi kuliko alichosoma muhula mzima sekondari. Mchana wanakula wakiwa wamesimama. Baada ya hapo ni maabara, au kile chumba ambako wanazunguka meza yenye mwili wa mtu, hadi jioni. Saa moja usiku ni majadiliano ya vikundi. Kisha kila mmoja anasoma peke yake hadi atakaposhindwa. Karibu kila wiki kuna jaribio, na jaribio la wiki hii halisubiri ulielewe la wiki iliyopita.

"Na Jumapili?" nikamuuliza.

"Jumapili nakwenda misa ya kwanza, guku. Kisha tunafidia."

Pendo akadakia, "Babu, mwili wa mtu una vitu vingi kuliko Mwanza nzima. Kila kitu kina jina, na kila jina lina ndugu zake. Kiganja hiki tu" – akaninyooshea mkono wake – "kina ukoo mkubwa kuliko wa kwetu Kalemela, na mwalimu anataka umtambue kila mmoja na nyumba anayokaa."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wale vijana getini hawakuwa wakisali.

Mimi nimepita chuo cha makatekista. Tuliamshwa kwa kengele, tukasali, tukalima, tukakariri, na kwa miaka yote nimejivuna kwamba naijua ratiba. Ratiba yetu ilikuwa na saa ya kimya na saa ya bustani, na waliotupangia walijua kwamba roho hailishwi kwa kushindiliwa. Nimelima pamba pia tangu nikiwa na nguvu. Palizi ya pamba ni utumwa, na kuvuna ni utumwa wa pili. Lakini hata pamba, ikishavunwa, serikali hutuamuru tung'oe masalia tuyachome, ardhi ipumzike. Shamba linapumzika kwa sheria! Nikamtazama mtoto wako na ule mfupa wa shingo uliotokeza, nikajiuliza ni sheria gani inayompumzisha yeye. Mungu mwenyewe alipumzika.

Nilimuuliza juu ya kile chumba. Najua si jambo la kuuliza sana, lakini mimi nimezika watu wengi, na mwili usiozikwa unanitia baridi. Nikamuuliza kama wanasali kabla ya kuanza. Akasema mwalimu huwasimamisha kimya kidogo, kisha wanaanza. Halafu akasema, akitazama mahali pengine, "Siku ya kwanza nilitazama mikono kwanza, guku. Nilipoona si ya mama, ndipo nikaweza."

Nimekaa na wafiwa maisha yangu yote, Kabula; nilimshika mikono tu.

Nikiwa bado nimeishika, simu yake ikalia. Aliitazama, akafumba macho kidogo, akapokea. Alikuwa Masanja, kaka yako, na sauti yake unaijua, husikika hata bila simu. "Daktari wetu! Mwadila mayu! Hujambo mama? Sikia, yule ndama mwekundu anaharisha tangu juzi. Nimpe dawa gani?"

"Mjomba, mimi sijasoma ng'ombe."

"Aa, mwili si mwili tu? Mkifika kwenye tumbo mtakuta ni lilelile. Wewe niambie."

Akamweleza, kwa adabu, maji na chumvi na kumtafuta bwana mifugo. Masanja akaendelea na mgongo wake mwenyewe, kisha na jirani yake aliyekuwa amekaa hapohapo akisubiri zamu. Minza hakumwambia kwamba niko pale. Alipomaliza akaketi, na simu ikalia tena. Alikuwa Holo. Holo yuleyule! Mguu wake umevimba, dawa alizopewa hospitali hazipendi, anataka mjukuu amwambie kama anaweza kuziacha. Akamaliza kwa kumwambia, "Na wewe mwanangu ujitunze, tunajua kinachokusumbua."

Nikamuuliza Pendo, maana niliona yeye atanijibu: "Hizi simu ni za leo tu?"

"Za leo, babu? Huyu amefungua hospitali ya rufaa kabla hajafaulu mfupa wa kwanza. Asubuhi ni Kasoli, mchana Bukundi. Wakimaliza watu wanaanza mifugo. Anaporudi kutoka kwenye miili ana saa moja tu ya kuoga na kula kabla ya majadiliano, ile ya kumi na mbili, na hiyo nayo ndiyo ya..." Akaziba mdomo.

"Pendo, nyamaza," Minza akasema. Kisha akanigeukia. "Ile hainichoshi, guku. Ile naipenda."

Nimewafundisha watoto kuungama kwa miaka mingi. Naijua sauti ya mtu anayemhurumia mzee.

Nikamuuliza, na swali lilitoka kwa ukali kuliko nilivyokusudia, kwa nini hawakatalii. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama alimkatalia nani?" Na kabla sijajibu akaongeza, taratibu, bila hasira hata kidogo, na afadhali ingekuwa hasira: "Mama alikufa amechoka, guku. Nyote mnasema presha. Mimi nimeanza kufundishwa presha ni nini."

Mwanangu, nilihisi kama ardhi imeondolewa chini ya benchi.

Nilikumbuka asubuhi uliyoanguka. Nilipofika nyumbani kwako nilikuta watu wameketi nje ya mlango wako, kama ilivyokuwa kila siku kabla hujaenda kazini na kila siku baada ya kurudi. Mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa. Mwingine alikuwa na kidonda cha kufungwa. Walikuwa wanakusubiri umalize kuvaa. Hata mwili ulipotolewa, yule wa kidonda alimuuliza Masanja, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba sasa nani atamfunga. Wakati ule nilidhani huzuni imemchanganya. Hakuchanganyikiwa. Aliuliza swali la ukoo mzima, na ukoo mzima ukalipata jibu bila kuketi kikao. Ulipofungwa mlango wako, walihamia kwenye simu ya mwanao.

Nikamwambia Minza kwa nini nimekuja. Nilimweleza yote, tambiko, Bukundi, maneno ya Holo. Alisikiliza kichwa kimeinama. Halafu akasema, "Ukisema twende, guku, nitachukua begi. Sina nguvu ya kukubishia."

Nikaona, labda kwa mara ya kwanza tangu niitwe mzee, uzito wa neno la mzee. Lilikuwa mdomoni mwangu. Ningelitamka, na mtoto huyu angenifuata hadi stendi kama mwanakondoo, na mitihani ingefanywa bila yeye, na kile ulichomwambia ukimsuka nywele kingeishia Bukundi kwenye mduara wa wazee wanaokuuliza unataka nini.

Nikamuuliza, kwa sababu nilipaswa kuuliza, nikiwa mwalimu wa dini na nikiwa baba yako: "Mama yako anakuita?"

Alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri kwenye mtihani nadhani. "Simsikii, guku," akasema. "Ningependa kumsikia. Ninaowasikia ni ninyi."

Kabula, nimesikia mahubiri ya maaskofu. Hakuna lililonipiga kama hilo.

"Usipopigiwa simu na mtu yeyote," nikamuuliza, "utafanya nini?"

"Nitalala."

"Na ukiamka?"

Akatabasamu, tabasamu lako lile la upande mmoja. "Nitasoma. Napenda ninachosoma, guku. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikamwambia aende akalale. Pendo akamwongoza kama anayemwongoza kipofu, akanigeukia akasema, "Asante babu. Na samahani kwa mdomo wangu, kwetu tunazungumza na mawimbi." Nami nikarudi stendi na lile neno langu bila kulitumia. Njia nzima hadi Lamadi sikuzungumza na jirani yangu, hata akadhani nimetoka msibani. Aliniambia pole. Nikaipokea.

Jumatatu niliwaita tena wazee wa ukoo. Niliwaeleza ratiba ya Minza saa kwa saa, na waliposikia wakaguna. Masanja akasema hata ng'ombe wa kulimia hufunguliwa nira mchana. Nikawaeleza juu ya kupiga magoti na kulala. Nikawaambia lugha ya usingizini ni Kilatini, majina ya misuli, na mtoto anakariri hata akiwa amelala kwa sababu macho hayamtoshi. Halafu nikawaeleza juu ya simu, nikiwataja mmoja mmoja na jambo lake, na mwisho nikajitaja mimi na rozari yangu.

Holo akauliza, "Kwa hiyo Katekista, unasema sisi ndio mizimu?"

"Dada," nikamjibu, "tangu nirudi najiuliza hivyohivyo."

Hakuna aliyejua acheke au alie. Masanja akaifumbata simu yake ndani ya kiganja kama kitu cha aibu, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ndama amepona, hata hivyo." Hapo mmoja akacheka, wakacheka wote, na Holo akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, sijui kama ni ya kicheko.

Tulikubaliana. Hakuna atakayempigia hadi mitihani iishe. Ikiisha, mwenye shida ataanzia kwangu. Homa zitakwenda zahanati, ndama watakwenda kwa bwana mifugo, na mguu wa Holo utarudi hospitali ulikopewa dawa. Mwenye upweke pia atakuja kwangu, na hilo niliwaambia nikijijua mimi mwenyewe. Nijuavyo ukoo wetu, si wote watakaolishika, na tayari nimemkemea mmoja. Holo alisema atakwenda kukumwagia maziwa kidogo kaburini akuombe radhi kwa kukusingizia. Sikumzuia, wala sikufuatana naye. Kila mtu ana njia yake ya kuomba msamaha.

Sasa jioni ni ndefu. Saa kumi na mbili inapofika ninashika rozari, na mdomo wangu husimama wenyewe mahali ambapo yeye angeitikia. Siku ya kwanza nilikaa kimya kila mara, nikingoja sauti isiyokuja. Siku hizi naitikia mwenyewe. Najiambia kwamba saa hii anaoga, au anakula, au amelaza kichwa mezani na hakuna anayemwamsha, na kwamba hiyo nayo ni sala yangu kwa ajili yake. Wakati mwingine ninaamini. Wakati mwingine ninaitazama simu.

Mitihani inaanza wiki hii. Sijui kama atafaulu. Nilikwenda nikidhani nitamponya, nimerudi nikijua kwamba sehemu ya mzigo wake haimo mikononi mwangu, na kwamba wale wanaotaka kutuponya hupitishwa kwanza katika jambo linalofanana sana na ugonjwa. Bado silielewi. Huenda halina budi kuwa hivyo, maana mwili wa mtu si mchezo. Lakini ile sehemu iliyokuwa mikononi mwetu, hiyo tumeitua.

Kwa hiyo nakuaga, binti yangu. Lala bila kushtuka, maana hakuna tena mtu wa kwetu anayesema kwamba ni wewe unayemwita mwanao. Mwombee mwanao mbele ya Yule unayemwona uso kwa uso, na ukipata nafasi, mwombee Pendo pia, mdomo wake umetusaidia.

Nami nakuahidi hivi. Nikiugua nitapanga foleni zahanati kama watu wengine, na nikimkumbuka nitamkumbuka kimya. Sitampigia Minza. Nitangoja siku atakayoamka, akashiba usingizi, akanipigia yeye mwenyewe kwa kuwa amependa.

Baba yako,
hapa Kasoli